Volkano Zisizo na Kilele: Rekodi za Moto, Mvua na Barafu za Enzi za Kale

Mwambie mtu akutajie volkano kubwa, atakutajia mlima. Krakatoa ya mwaka 1883, Vesuvius iliyoifukia Pompeii mwaka 79, au Kilimanjaro kwa sisi wa huku. Katika mashindano ninayoyaandika hapa, hakuna hata mmoja unaofika fainali. Mabingwa wenyewe hawana kilele. Ardhi ilipasuka nyufa ndefu, lava ikamwagika kama uji mwepesi, ikatanda, ikapoa, ikafunikwa na nyingine, na mchezo huo ukaendelea kwa malaki ya miaka. Wanajiolojia huyaita mafuriko ya bazalti. Kinachobaki baada yake ni nyanda zilizoliwa na mito hadi kingo zake zikawa ngazi kubwa za mawe meusi.

Ili msomaji apate kipimo: mwaka 1783 ufa wa Laki nchini Iceland ulifunguka, na katika miezi minane ukatoa takriban kilomita za ujazo 15 za lava. Gesi ya salfa iliua malisho, mifugo ikafa, na karibu mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo akapoteza maisha. Hayo ndiyo mafuriko makubwa ya bazalti ambayo binadamu ameyaona na kuyaandika kwa kina. Washiriki wa orodha hii wanahesabiwa kwa Laki elfu nyingi.

Jambo moja nilitaje mapema, kwa kuwa litajirudia: ukubwa peke yake haukuamua nani ataivuruga dunia. Kilichoamua ni mwamba uliokutana na moto huo njiani, na kasi ya gesi kutoka.

Mkubwa kuliko wote, na karibu hakuna anayemjua

Kwa ujazo, taji ni la Ontong Java, uwanda uliozama chini ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini mwa Visiwa vya Solomon. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba milioni 2, yaani Tanzania mbili na chenji inabaki. Sakafu ya kawaida ya bahari ina ganda lenye unene wa kilomita 7 hivi; hapo unazidi kilomita 30. Sehemu yake ndogo imesukumwa juu ya maji kwenye kisiwa cha Malaita, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuugonga mwamba huo kwa nyundo bila kukodi meli ya kuchimbia.

Uliumbika kati ya miaka milioni 125 na 110 iliyopita. Katika kipindi hicho bahari iliishiwa oksijeni kwa muda, na tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe likatanda chini. Tabaka lake linaonekana hadi leo katika milima ya Italia, na watafiti wengi wanaihusisha hali hiyo na Ontong Java. Hata hivyo ukiangalia orodha ya maangamizi matano makubwa ya viumbe, jina la bingwa huyu wa ujazo halimo. Lava yake ilitoka zaidi chini ya maji, kupitia ganda la bahari ambalo halikuwa na makaa ya mawe ya kuungua wala chumvi ya kuchemka.

Rekodi ya volkano moja moja ina kisa chake. Mwaka 2013 William Sager na wenzake walitangaza kwamba Tamu Massif, iliyo chini ya Pasifiki mashariki mwa Japani, ndiyo volkano moja kubwa kuliko zote duniani, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 310,000. (Jina limetokana na herufi za chuo kikuu cha Texas A&M.) Miaka sita baadaye, mwaka 2019, Sager huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliolirudisha taji: usumaku wa miamba ulionyesha kwamba mlima huo uliumbika kwenye ukingo ambako mabamba ya ardhi hutengana, si kutokana na tundu moja. Ni mabingwa wachache wanaovuliwa medali na kocha wao wenyewe.

Muuaji mkuu

Siberia, miaka milioni 252 iliyopita. Hapa sina budi kukaa kidogo.

Lava iliyotoka inakadiriwa kufika kilomita za ujazo milioni 3 au zaidi, sawa na Laki 200,000. Kwa ujazo inazidiwa mbali na Ontong Java. Lakini magma ya Siberia haikupanda moja kwa moja. Ilipofika kwenye bonde la Tunguska ilijipenyeza pembeni, kati ya tabaka za mashapo, na tabaka hizo zilikuwa ghala: makaa ya mawe, mafuta, chokaa na chumvi nene. Vyote vikaokwa kutoka ndani. Hewa ukaa na methani zikapasua mabomba ya kutokea hadi juu, pamoja na gesi za klorini kutoka kwenye chumvi, zile zinazotoboa tabaka la ozoni. Majivu ya makaa yaliyoungua yamepatikana kwenye mashapo ya Aktiki ya Kanada, mbali kabisa na moto wenyewe.

Asilimia 80 hadi 90 ya aina za viumbe wa baharini zilitoweka. Trilobiti, waliokuwa wamevumilia kila balaa kwa zaidi ya miaka milioni 250, waliishia hapo. Huko Meishan, mkoa wa Zhejiang nchini China, unaweza kuweka kidole mahali penyewe: chini kuna chokaa iliyojaa magamba ya viumbe, katikati udongo mweupe wa majivu ya volkano wenye unene wa sentimita chache tu, na ukipanda juu yake magamba yanakuwa ya kutafuta. Vipimo vya umri wa majivu hayo vinaonyesha kwamba wimbi kubwa la vifo lilichukua miaka 60,000 hivi. Kwa saa ya jiolojia hiyo ni kufumba na kufumbua.

Baada ya hapo rekodi nyingine zikafuatana. Maji ya juu ya bahari za tropiki yalifika nyuzi 40 za selsiasi au karibu yake, na samaki wakawa adimu maeneo ya ikweta. Misitu ya vinamasi ilikufa kiasi kwamba kwa miaka karibu milioni 10 hakuna makaa ya mawe yaliyoumbika popote duniani. Nchi kavu ikatawaliwa na Lystrosaurus, mnyama mwenye mwili wa nguruwe na mdomo wa kobe, ambaye mifupa yake imejaa Afrika Kusini, India, China na hata Antaktika. Sidhani kama kuna mnyama mwingine wa nchi kavu aliyewahi kuwa na wapinzani wachache hivyo.

Upande wetu, ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada vyote vimo katika Bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako mto wa jina hilo unaingia Ziwa Nyasa. Kwenye miamba ya Usili, ya mwisho wa enzi ya Permi, yametoka mafuvu ya gorgonopsi, wawindaji wenye meno ya chonge marefu kama visu, simba wa zama zao. Kwenye miamba ya Manda, ya Triasi ya kati, huwakuti tena. Badala yao yuko Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010, ndugu wa karibu wa dinosaria. Na Nyasasaurus, aliyetangazwa mwaka 2012, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale zaidi anayejulikana. Na ukitaka kuona ni kitu cha namna gani kiliungua Siberia, huhitaji kusafiri. Makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, yamo katika bonde hilohilo, na ni ya enzi hiyohiyo ya Permi.

Aliyetapakaa zaidi

Kwa kuenea juu ya nchi kavu, anayeongoza alizaliwa miaka milioni 201 iliyopita, pale bara moja kubwa la Pangaia lilipoanza kupasuka na Atlantiki kufunguka. Lava ilitanda kwenye eneo la kilomita za mraba milioni 7 au zaidi. Bahari ilipozidi kupanuka iliwagawa ndugu: mabaki yake leo yako Moroko, Brazili, Ureno, na kwenye magenge ya mto Hudson, ng'ambo ya jiji la New York. Maangamizi ya mwisho wa Triasi yanamwangukia yeye, na dinosaria ndio waliorithi nafasi zilizoachwa.

Ndugu yake mdogo, Karoo-Ferrar wa miaka milioni 183 iliyopita, ni mzaliwa wa kusini mwa Afrika na Antaktika. Wengi wameshamwona bila kujua: mwamba mweusi ambao Zambezi inaruka juu yake kwenye Maporomoko ya Victoria ni bazalti ya Karoo.

Lava iliyokwenda mbali

Miaka milioni 66 iliyopita, magharibi mwa India, mito ya lava ilitoka eneo la milima ya Ghati ya leo na baadhi yake ikafika Rajahmundry, karibu na Ghuba ya Bengali. Ni safari ya kilomita 1,000 hivi, umbali wa Dar es Salaam hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka, na ndiyo mito ya lava mirefu zaidi inayojulikana. Siri ya mwendo huo ni kwamba lava hujifunika: ngozi ya juu inaganda, na chini yake moto unaendelea kupita bila kupoa.

Rundo zima la lava hiyo, linaloitwa Deccan, lina unene wa zaidi ya kilomita 2 mahali pengine. Mapango ya Ajanta na Ellora, pamoja na mahekalu yake, yamechongwa ndani ya mwamba huo. Je, ndiyo iliyowaua dinosaria? Kimondo cha kilomita 10 hivi kilichoanguka Chicxulub, Meksiko, kina ushahidi mzito zaidi, tangu Luis na Walter Alvarez walipotangaza mwaka 1980 ugunduzi wa iridiamu kwenye udongo wa wakati huo. Deccan ilikuwa imeshaanza kuichosha tabianchi kabla kimondo hakijafika. Mimi ningempa kimondo hukumu ya mauaji na Deccan ya kushiriki.

Msimu wa mvua uliokataa kwisha

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda, labda kwa kuwa haihusu vifo tu. Kati ya miaka milioni 234 na 232 iliyopita, katikati ya enzi ya Triasi iliyokuwa kavu, mvua zilianza na hali ya unyevu ikadumu kwa zaidi ya miaka milioni moja, ikija kwa awamu. Mito ilikokota mchanga na matope mengi hadi baharini, na miamba ya matumbawe katika eneo ambalo leo ni Dolomiti za Italia ikakatika ujenzi wake. Waliokiunganisha kisa hiki ni Michael Simms na Alastair Ruffell, mwaka 1989, na kwa miaka mingi wenzao hawakuwasikiliza.

Mshukiwa ni bazalti ya Wrangellia, ambayo sasa iko Alaska na British Columbia. Hewa ukaa iliipasha dunia joto, bahari zikavukiza zaidi, mawingu yakabeba zaidi. Mvua zilipopungua, dinosaria, ambao awali walikuwa wachache, walianza kuonekana kila mahali.

Barafu ndefu kuliko zote

Wanaodhani volkano huleta joto tu wasome hapa. Karibu miaka milioni 718 iliyopita bazalti ya Franklin ilimwagika kaskazini mwa Kanada ya leo, eneo ambalo wakati ule lilikuwa karibu na ikweta. Bazalti mbichi katika nchi ya joto na mvua huoza haraka, na kila inapooza hufyonza hewa ukaa kutoka angani na kuipeleka baharini kuwa chokaa. Ndani ya miaka milioni moja au mbili hivi, dunia iliganda. Wengi wanaamini mambo hayo mawili yana uhusiano, ingawa salfa iliyotupwa angani nayo inatajwa.

Kipindi hicho, kinachoitwa Sturti, kilianza miaka milioni 717 iliyopita na kumalizika miaka milioni 660 iliyopita. Hesabu mwenyewe: miaka milioni 57 ya barafu, pengine hadi ikweta. Hakuna majira ya baridi mengine ya dunia nzima yanayokaribia hapo katika muda wote ambao dunia ina wanyama. Kilikuja kingine kifupi zaidi, kikaisha miaka milioni 635 iliyopita.

Ushahidi ni mawe mapweke. Katika tope laini lililotulia chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka nyembamba, unakuta jiwe la ukubwa wa kichwa limezama na kuzipinda tabaka za chini yake. Hakuna mkondo wa maji ambao ungebeba jiwe hilo huku ukiliacha tope bila kuvurugika. Lilidondoka kutoka kwenye kipande cha barafu kilichoelea juu. Brian Harland wa Cambridge alisema mwaka 1964 kwamba mawe ya namna hii yako hata kwenye miamba iliyoumbika karibu na ikweta. Joseph Kirschvink, mwaka 1992, alieleza njia ya kutokea: chini ya barafu yote ile volkano hazikusimama, hewa ukaa ikarundikana angani bila mvua ya kuiosha, mpaka siku ilipotosha kuyeyusha dunia. Kisha Paul Hoffman na wenzake wakaonyesha, mwaka 1998, chokaa za Namibia zilizolala moja kwa moja juu ya mashapo ya barafu, kana kwamba bahari ilitoka kwenye friji ikaingia jikoni. Moto huohuo uliochangia kuigandisha dunia ndio ulioikomboa.

Mlipuko mkubwa

Hapa tunabadilisha aina ya mchezo: hizi hulipuka, hazimwagiki. La Garita, Colorado, miaka milioni 28 iliyopita, ilitoa takriban kilomita za ujazo 5,000 za mwamba na ni miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi inayojulikana. Toba ya Sumatra, miaka 74,000 iliyopita, ilitoa kama 2,800, ikaacha shimo lililogeuka ziwa la urefu wa kilomita 100.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Toba iliiletea dunia baridi kali na karibu iwamalize binadamu. Mashapo ya Ziwa Nyasa yaliipunguza hadithi hiyo. Watafiti walipochunguza matope yaliyochimbwa humo waliona chembe za kioo za Toba, zilizoruka zaidi ya kilomita 7,000, wakatangaza mwaka 2013 kwamba tope la juu na la chini yake halionyeshi baridi ya maana Afrika Mashariki. Mlipuko mmoja, hata uwe mkubwa vipi, unatupa salfa inayodondoka ndani ya miaka michache.

Joto la ghafla

Miaka milioni 56 iliyopita dunia ilipanda nyuzi 5 hadi 6 ndani ya miaka elfu chache, ikakaa hivyo kwa karibu miaka 200,000. Bahari ya Aktiki ilifika nyuzi 23, maji ya kuogelea. Huko Wyoming farasi wa kwanza, ambao tayari walikuwa na uzito wa kilo 5.6 tu, walipungua hadi kilo 3.9, paka wa mjini angemtazama mmoja usoni.

Chanzo kinachotajwa sana kiko chini ya bahari mbele ya Norway. Magma iliyoambatana na kufunguka kwa Atlantiki ya kaskazini ilijipenyeza kwenye matope yenye mabaki ya viumbe, na Henrik Svensen na wenzake walionyesha mwaka 2004 maelfu ya matundu ambamo gesi ilipasua sakafu ya bahari. Ni mbinu ileile ya Siberia, kwa kiwango kidogo.

Pwani yetu ya kusini imechangia ushahidi ambao ni vigumu kuupata kwingine. Mradi wa uchorongaji uliofanyika Kilwa na Lindi kwa ushirikiano na shirika la mafuta la taifa, TPDC, ulitoa udongo wa mfinyanzi uliobana kiasi kwamba maji hayakupita ndani yake kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Magamba ya foraminifera, vijidudu vya baharini vidogo kuliko punje ya mchanga, yametoka humo yakiwa bado yana uangavu wa kioo, wakati kwingineko yamegeuka chaki. Gamba ambalo halijabadilika linaweza kupimwa joto la maji lilimokulia. Matokeo ya Tanzania yanaashiria kwamba kilele cha joto hilo huenda kilipita nyuzi 40 juu ya bahari, na kwenye mashapo ya kilele hicho vijidudu hao wanaoelea wanakosekana.

Kwa kasi, kaboni ya wakati huo inakadiriwa kuwa tani bilioni 1 kwa mwaka au pungufu. Hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi ya miaka milioni 66 iliyopita. Sasa inashikiliwa na sisi, kwa takriban tani bilioni 10 kwa mwaka. Volkano zote za leo zikijumlishwa hazifiki hata asilimia moja au mbili ya hapo.

Ya moto kabisa, na ya baridi kabisa

Lava ya moto kuliko zote iligandia kwenye bonde la mto Komati, Afrika Kusini, karibu miaka bilioni 3.5 iliyopita. Ndugu wawili, Morris na Richard Viljoen, waliieleza mwaka 1969. Ilitoka ikiwa na nyuzi 1,600 hivi, wakati bazalti ya leo hutoka na 1,100 hadi 1,200. Tumbo la dunia limepoa tangu hapo.

Ya baridi kuliko zote ni ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Maurice Krafft na Jörg Keller walipoipima mwaka 1988 walikuta nyuzi kati ya 490 na 550. Mchana haing'ai, ni tope jeusi linalotiririka. Ikipata unyevu huanza kupauka, na siku chache baadaye ni nyeupe, kwa kuwa haina silika ya lava za kawaida bali kaboneti za sodiamu, jamaa wa magadi yanayouzwa sokoni kulainishia maharage. Nayo huyeyuka: mvua huichukua kidogo kidogo. Hapo ndipo rekodi ya Lengai ina utata, kwani volkano nyingine za kale huenda zilitoa lava ya aina hiyo, na mvua ikaiosha muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kuipima.